Kurahisisha sehemu: maswali ninayoulizwa kila jioni, na majibu yake

Nafundisha hisabati jioni, barazani kwangu, Mtwara mjini. Wanaokuja ni wa darasa la tano hadi kidato cha pili, na wazazi wao hunitumia ujumbe usiku wakiwa wameinamia daftari la mtoto. Mada inayoongoza kwa maswali ni hii ya kurahisisha sehemu. Nimechoka kujibu kipande kipande, nimeyakusanya hapa. Swali lako lisipokuwepo, soma lililo jirani nalo, mara nyingi ni ndugu.

Kurahisisha sehemu ni kufanya nini hasa?

Tafuta ungo, na korosho 24 zisizobanguliwa. Zimwage, uzichambue. Tuseme nzuri zimetoka 18, na 6 zimesinyaa au zina madoa. Nzuri ni 18 kati ya 24, tunaandika 18/24. Namba ya juu inaitwa kiasi, ya chini inaitwa asili.

Sasa zipange humo humo kwenye ungo kwa mafungu ya sita sita. Utapata mafungu manne: matatu ya korosho nzuri, moja la mbovu. Aliyekaa ng'ambo ya mkeka akiangalia tu atakwambia nzuri ni robo tatu, 3/4. Hakuna korosho iliyoongezwa, hakuna iliyoliwa. Mwanzo ulihesabu moja moja, sasa unahesabu kwa fungu. Kwa hiyo 18/24 na 3/4 ni kitu kilekile chenye majina mawili, na kurahisisha ni kulitafuta jina fupi kuliko yote.

Kwa lugha ya darasani: sehemu imefika katika hali yake rahisi kabisa pale ambapo hakuna namba yoyote, ukiacha 1, inayoweza kugawa kiasi na asili kwa pamoja bila kubakiza.

Mwalimu, mbona hutaki tuseme "kata"?

Kwa sababu neno hilo liliniponza mwenyewe. Nilipokuwa darasa la tano, shule ya kijijini, tulipewa 16/64. Nikaona 6 juu na 6 chini, nikazipiga mstari zote mbili kwa kalamu nyekundu, ikabaki 1/4. Nikapata vema. Swali lililofuata lilikuwa 13/39. Nikaona 3 na 3, nikazipiga mstari, nikaandika 1/9. Kosa. Nilirudi nyumbani nikiamini nimeonewa, maana kazi ilikuwa ileile.

Vema ile ya kwanza ilikuwa bahati nasibu. 16/64 ni 1/4 kwa sababu 16 inagawa zote mbili: 16 ÷ 16 ni 1, na 64 ÷ 16 ni 4. Ile 6 niliyoifuta haikuhusika popote. Kati ya sehemu zilizo ndogo kuliko 1 na zenye tarakimu mbili juu na mbili chini, ziko nne tu ambazo mchezo huu wa kufuta tarakimu unatoa jibu sahihi, ukiziacha zile zinazoishia na sifuri kama 30/40. Nazo ni 16/64, 19/95, 26/65 na 49/98. Kwingine kote utaumbuka. Na hiyo 13/39? Gawa zote kwa 13, unapata 1/3.

Neno "kata" lina ubaya mwingine. Mtoto akipewa 7/14, anazikata 7, halafu anaandika 0/2, kwa hoja kwamba zile saba "zimeisha". Ukimwambia gawa, hawezi kuandika sifuri, kwa kuwa anajua 7 ÷ 7 ni 1. Ndiyo maana barazani kwangu atakayesema kata anafagia. Sema gawa, na useme unagawa kwa ngapi.

Nianze kugawa kwa namba gani?

Anza na ndogo unazozijua: 2, 3, 5. Ikiwa kiasi na asili zote ni shufwa, gawa kwa 2. Zikiishia zote na 0 au 5, gawa kwa 5. Zikiishia zote na 0, ruka moja kwa moja kwenye 10. Kwa 3, jumlisha tarakimu: 126 ni 1 + 2 + 6 = 9, na 9 inagawanyika kwa 3, basi hata 126 inagawanyika. Jumla ikigawanyika kwa 9, namba nayo inagawanyika kwa 9. Kwa 4, tazama tarakimu mbili za mwisho tu: zikigawanyika kwa 4, namba nzima inagawanyika. Namba 7 haina dalili nyepesi, gawa uone.

Mfano, 84/126. Zote shufwa, gawa kwa 2: 42/63. Tarakimu za 42 zina jumla ya 6, za 63 zina jumla ya 9, gawa kwa 3: 14/21. Hapa anayejua jedwali la saba haulizi: 2/3.

Kila hatua andika pembeni namba uliyogawia. Ukikosea, utajua ulipokosea bila kuanza upya. Na anayesahihisha naye atakuona unajua unachofanya.

KKS ni lazima?

Si lazima, ila inakufikisha kwa hatua moja. Kigawo Kikubwa cha Shirika ndiyo namba kubwa kuliko zote inayogawa kiasi na asili bila baki. Kuipata, vunja kila namba iwe namba tasa tupu, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe:

84 = 2 × 2 × 3 × 7
126 = 2 × 3 × 3 × 7

Zinazoonekana pande zote mbili ni 2 moja, 3 moja na 7 moja. Zizidishe: 42. Halafu 84 ÷ 42 = 2, na 126 ÷ 42 = 3. Jibu 2/3, lilelile. Tena ukizidisha zile namba tulizogawia kidogo kidogo pale juu, 2 × 3 × 7, unapata 42 hiyohiyo. Njia ni moja, tofauti ni mwendo.

Mwenye namba ndogo atumie hatua hatua. Swali likisema wazi "tafuta KKS kisha rahisisha", fanya walivyotaka. Wala usiichanganye na KDS, Kigawe Kidogo cha Shirika. Hiyo ni ya kujumlisha na kutoa.

Nitajuaje nimefika mwisho?

Hapa ndipo wengi wanaanguka, na wanaangushwa na namba chache zenye sura ya kudanganya. 51 inafanana na namba tasa, kumbe ni 3 × 17. 57 ni 3 × 19. 87 ni 3 × 29. 91 ni 7 × 13, na hii ya mwisho imewatoa machozi watoto wengi kuliko zote. Zikariri hizi nne. Mtu anaandika 39/91, anazitazama, anaona zimekataa, anaendelea na swali jingine. Gawa kwa 13: 3/7.

Kuna hila ninayoipenda kuliko kukariri. Namba yoyote inayogawa kiasi na asili ni lazima igawe pia tofauti yao. Chukua 91/119. Toa: 119 − 91 = 28. Basi huna haja ya kujaribu 3, wala 5, wala 11, wala 13. Vigawo vya 28, ukiacha 1, ni 2, 4, 7, 14 na 28 tu. 91 ni witiri, kwa hiyo kilichobaki kujaribu ni 7. 91 ÷ 7 = 13, na 119 ÷ 7 = 17. Jibu 13/17. Tofauti ikiwa 1, kama 35/36, funga daftari, hairahisishiki. Tofauti ikiwa 2 na namba zote ni witiri, kama 63/65, vilevile.

Dalili nyingine: ikiwa asili ni namba tasa na kiasi ni kidogo kuliko hiyo asili, umefika. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, linalotuunganisha na Msumbiji juu ya Ruvuma, lina urefu wa mita 720. Daraja la Mkapa kwenye Rufiji, tunalopita tukienda Dar es Salaam, lina mita 970. Daraja letu ni 720/970 ya lile. Gawa kwa 10: 72/97. Na 97 ni namba tasa, hakuna pa kwenda.

Namba zikiwa kubwa nafanyaje? Nimepewa 391/527, nimekesha nayo.

Endelea na hila ya tofauti, lakini usiishie mara ya kwanza. Gawa kubwa kwa ndogo, chukua baki; gawa ile ndogo kwa baki; endelea hivyo mpaka baki liwe sifuri.

527 ÷ 391 ni 1, baki 136.
391 ÷ 136 ni 2, baki 119.
136 ÷ 119 ni 1, baki 17.
119 ÷ 17 ni 7, baki 0.

Namba ya mwisho uliyogawia ndiyo KKS: 17. Sasa 391 ÷ 17 = 23, na 527 ÷ 17 = 31. Jibu ni 23/31. Mistari minne, bila kuvunja chochote kuwa namba tasa na bila kubahatisha. Njia hii aliieleza Euclid, Mgiriki aliyefundisha Iskandaria ya Misri, miaka 300 hivi kabla ya Kristo, na kompyuta za leo zinatumia hiyohiyo. Mimi naifundisha hata darasa la sita. Sioni kwa nini ingojewe mpaka sekondari wakati anayejua kugawa kwa baki anaiweza.

Baki la mwisho kabla ya sifuri likiwa 1, maana yake sehemu ilikuwa rahisi tangu mwanzo.

Je, kila sehemu lazima irahisishike?

Hapana, tena nyingi hazirahisishiki. Andika sehemu zote ambazo kiasi ni 1 hadi 10 na asili ni 1 hadi 10. Ziko 100. Ukizipitia moja moja utakuta 63 tayari ziko katika hali rahisi kabisa. Ukiongeza namba, ziwe kubwa kiasi chochote, hesabu hiyo inatulia karibu na 61 katika kila 100. Kwa hiyo mwanafunzi anayelazimisha kila jibu "lipungue" anajitafutia matatizo. Nimewahi kuona 8/15 ikigeuzwa 4/7 kwa sababu mtoto aligawa 8 kwa 2, na 15 akaigawa kwa "mbili na kidogo".

Nimeandika 10/15, jibu kwenye kitabu ni 2/3. Nimekosa?

Thamani umepata. Ila swali likisema "rahisisha" au "katika hali rahisi kabisa", hujamaliza. Na kwenye maswali ya kuchagua herufi, 10/15 yako haitakuwemo kabisa, utadhani umekosea wakati umebakiza hatua moja.

Sehemu guni na namba mchanganyiko zinarahisishwaje?

Sehemu guni ni ile ambayo kiasi kimezidi asili, kama 42/12. Rahisisha kwanza: gawa kwa 6, unapata 7/2. Halafu, ukitakiwa, igeuze kuwa namba mchanganyiko: 3 na 1/2. Ukianza kugeuza unapata 3 na 6/12, ambayo bado inataka kurahisishwa. Utafika tu, ila umezunguka.

Ukipewa namba mchanganyiko, mfano 3 na 12/16, iache ile 3 ilivyo. Rahisisha 12/16 peke yake, iwe 3 na 3/4. Wapo wanaogawa na 3 pia. Sijui wanaitoa wapi.

Kwenye kuzidisha tunarahisisha kimshazari. Kwa nini kwenye kujumlisha hairuhusiwi?

8/15 × 25/32. Hapa 8 ya kushoto juu na 32 ya kulia chini zinagawanyika kwa 8: zinakuwa 1 na 4. 25 na 15 zinagawanyika kwa 5: 5 na 3. Unabaki na 1/3 × 5/4 = 5/12. Inaruhusiwa kwa sababu baada ya kuzidisha, vya juu vyote vinakuwa kiasi kimoja na vya chini vyote vinakuwa asili moja. Umegawa mapema tu, kabla namba hazijanenepa.

Kwenye kujumlisha, 8/15 + 25/32, sehemu mbili bado ni mbili, kila moja na mafungu yake. Ukigawa 8 ya hii na 32 ya ile, umebadilisha zote mbili bila idhini ya yeyote.

Kosa hili hili linakuja limevaa nguo nyingine ukifika kidato cha kwanza: (6 + 4)/(6 + 5). Watoto wanaifuta 6 juu na chini, wanaandika 4/5. Jumlisha uone: 10/11. Kinachogawika kwa pamoja ni kile kilichozidishwa, kilichojumlishwa hakiguswi.

Vipimo vikiwa tofauti?

Vifanye vifanane kwanza, ndipo uandike sehemu. Gramu 250 za kilo 1 ni 250/1000, yaani 1/4, ndiyo robo kilo unayoagiza dukani kila siku. Dakika 40 za saa ni 40/60, 2/3, theluthi mbili. Vibaba 6 kwa pishi: pishi ni vibaba 4, basi ni 6/4, 3/2, pishi moja na nusu.

Mfano wa nyumbani unaonoga zaidi ni wa korosho. Wakati wa minada mtasikia ubora ukitajwa kwa ratili (pauni): ni uzito wa kiini kinachopatikana ukibangua gunia moja la kilo 80. Tuseme gunia lina ratili 48. Mwanafunzi mwenye haraka anaandika 48/80, anarahisisha vizuri kabisa, anapata 3/5, na baba yake anafurahi kwamba zaidi ya nusu ya gunia ni kiini. Hesabu safi, jibu la uongo. Juu ni ratili, chini ni kilo. Kilo 80 ni kama ratili 176. Kwa hiyo ni 48/176. Gawa zote kwa 16: 3/11. Kidogo zaidi ya robo, mengine yote ni ganda na ngozi. Aliyewahi kukaa akabangua kwa mkono hashangai.

Uwiano na sehemu ni kitu kimoja?

Vinarahisishwa kwa njia moja, lakini havisemi jambo moja. Mkoa wa Lindi una halmashauri 6, Mtwara una 9. Uwiano wa Lindi kwa Mtwara ni 6:9, gawa kwa 3, 2:3. Sasa ukiulizwa Lindi ni sehemu gani ya halmashauri zote za mikoa hii miwili, usijibu 2/3. Zote ni 15, Lindi ni 6/15, yaani 2/5. Mtwara ni 9/15, yaani 3/5. Soma swali mara mbili: "kwa" au "ya"?

Kuna wakati sitakiwi kurahisisha?

Upo, na ni mwingi kuliko vitabu vinavyokiri.

Mtoto akipata 30/50 kwenye jaribio, usimwandikie 3/5 kwenye ripoti. Mzazi anataka kujua maswali yalikuwa mangapi. Ukiwa na kundi la sehemu za kulinganisha au kujumlisha, mara nyingi unaziacha zote juu ya asili moja mpaka mwisho.

Mfano mzuri ni mirathi ya Kiislamu. Mafungu yaliyotajwa ndani ya Qurani ni sita: nusu, robo, thumuni (1/8), theluthi mbili, theluthi na sudusi (1/6). Tuseme mtu amefariki, ameacha mke, mama mzazi na mtoto mmoja wa kiume, basi. Mke ana thumuni, mama ana sudusi, kinachobaki ni cha mtoto. Ukibaki na 1/8 na 1/6 katika hali yake rahisi, huoni kilichobaki. Zipandishe zote ziwe za 24: mke 3/24, mama 4/24, jumla 7/24, mtoto 17/24. Sasa hata ambaye hakusoma anakuelewa, kwa sababu mali imekuwa mafungu 24 na kila mtu anahesabiwa ya kwake. Ndiyo maana 24 hutajwa sana kwenye elimu hii: 2, 3, 6 na 8 zote zinaingia ndani yake, na robo pia. (Huu ni mfano wa hesabu. Mirathi yenyewe mpelekee mwenye elimu yake, kuna mambo ya madeni na wasia kabla ya kugawa.)

Kwa njia, hayo majina ya zamani yana utamu. Baada ya robo kuna humusi kwa 1/5, sudusi kwa 1/6, subui kwa 1/7, thumuni, tusui kwa 1/9 na ushuri kwa 1/10. Siku hizi tunasema "moja ya tano" na maisha yanaendelea, ila wazee wa Mikindani bado utawasikia.

Kurahisisha kunasaidia nini kwenye desimali na asilimia?

Sana. Sehemu iliyorahisishwa ikiwa na asili iliyojengwa na 2 na 5 tu, desimali yake inakoma. Ikiwa na namba tasa nyingine yoyote, inajirudia bila mwisho. Lakini sharti uwe umerahisisha kwanza. 6/15 ina 3 ndani ya 15, ungedhani itajirudia. Kumbe ni 2/5, yaani 0.4, asilimia 40. Huku 4/15 imekwama hapo hapo, nayo ni 0.2666 na kuendelea.

Kurudi kutoka desimali: 0.375 ni 375/1000. Gawa kwa 125, au kwa 5 mara tatu, upate 3/8.

Sifuri na namba hasi?

0/8 ni 0, imeisha. 8/0 haipo, usiirahisishe wala usiiandike. −6/9 ni −2/3. Alama inakaa mbele. Zote mbili zikiwa hasi, −6/−9, gawa kwa −3, inakuwa 2/3 chanya.

Kikokotoo cha simu kinafanya yote haya. Kwa nini tujichoshe?

Cha kawaida kitakupa 0.6666667 na kukuacha hapo. Vile vya kisayansi vina kitufe cha sehemu na vinarahisisha vizuri, sikatai. Ila kwenye mtihani wa darasa la saba huingii nacho, na anayekitegemea hatambui 34/51 ikiwa katikati ya swali refu. Kitumie kusahihishia: gawa kiasi kwa asili kabla ya kurahisisha, gawa tena baada ya kurahisisha. Desimali mbili zisipolingana, umeharibu njiani.

Mwanangu yuko darasa la sita na hajui kabisa. Nianzie wapi, mwalimu?

Mama yangu, tisa kati ya watoto kumi wanaoletwa kwangu kwa ugonjwa wa "sehemu" wanaumwa jedwali la kuzidisha. Hilo ni hesabu ya macho yangu tu, sijafanya utafiti. Mtoto anayesita kwenye 7 × 8 hawezi kuona kwamba 42 na 56 zote ni za saba. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza weka sehemu pembeni. Muulize jedwali kinyumenyume: si "saba mara sita ngapi?" ila "arobaini na mbili inatoka wapi?" Akujibu zote: 6 na 7, 2 na 21, 3 na 14, 1 na 42. Muulize mkiwa kwenye kivuko cha Msangamkuu, muulize anapomenya ming'oko. Dakika tano zinatosha, zikizidi anakuchukia.

Baada ya hapo ule ungo wa korosho. Msimu haujafika? Kokoto zinatosha. Mwache apange mafungu mwenyewe, akosee, fungu la mwisho lipungukiwe, apangue. Usimshike mkono. Siku atakayopanga 12 kati ya 20 kwa mafungu ya nne nne na kusema "tatu ya tano" kabla hujauliza, rudi kwenye daftari.

Tupe mazoezi.

Rahisisha bila kikokotoo: (a) 45/60 (b) 34/51 (c) 57/76 (d) 35/64 (e) 119/133 (f) 144/360 (g) 143/187.

Majibu: (a) 3/4 (b) 2/3, gawa kwa 17 (c) 3/4, kwa 19 (e) 17/19, kwa 7, tofauti yao ni 14, ingekuonyesha njia (f) 2/5, kwa 72 (g) 13/17, kwa 11, tofauti ni 44.

Na (d)? Usihangaike nayo. 35 ni 5 × 7, na 64 ni 2 sita tupu zilizozidishwa. Hazijuani.